UZI: Kabla hujanunua plagini ya picha, printi kwanza (nilivochagua zangu hapa Mombasa)

hina_na_lenzi (mleta uzi)

Salaam wadau. Huu uzi nimeuweka kiporo tangu msimu wa harusi uishe, leo stima imerudi na albamu mbili zakauka mezani, kwa hivo naumwaga wote hapa hapa na ukiwa mrefu mnisamehe.

Plagini ni zile programu ndogo za kupachika ndani ya programu ya kuediti picha. Kila mara vijana wanaoanza waniuliza, dada watumia plagini gani na mimi niinunue hiyo hiyo. Mimi huwarudishia swali, picha zako mwisho wake ni wapi? Mimi napiga harusi upande wa kina mama peke yake. Kupaka hina, kupamba, bibi harusi kuingia ukumbini. Simu zaachwa mlangoni, kamera inayoingia ni yangu tu, na picha zile hazipandi mtandaoni hata moja. Mwisho wake ni karatasi: albamu ya bibi harusi na fremu moja kubwa ya chumbani kwa mamake. Ndio maana mimi plagini naichagua kwa kuanzia kwenye karatasi, sio kwenye video za watu wanaozisifia.

Nianze na lililonifika. Harusi moja ya Kizingo nlipiga mikono ya bibi harusi, hina nyekundu mpaka kwenye viwiko na piko nyeusi kwenye ncha za vidole, fundi alikaa nayo kutoka asubuhi mpaka alasiri. Siku zile ndio nlikuwa nimetoka kununua plagini ya kulainisha ngozi, jina silitaji, na nlikuwa naipitisha kwa kila picha maana kwenye laptopu uso watoka laini kama maziwa. Nikaprinti inchi 12 kwa 18. Mamake bibi harusi akaichukua, akaitazama, akanyamaza, akaisogeza dirishani, kisha akanambia, "Mwanangu, hina ya mtoto imekwenda wapi?" Nikatazama na mimi. Maua yapo, lakini ile mistari ya ndani ya maua, ile ya unene wa uzi wa cherehani, imeyeyuka yote imekuwa doa la kahawia. Ncha za vidole ziko sawa. Wallahi nlitamani ardhi ipasuke.

Sababu nliijua baadae. Plagini za aina hii nyingi zaitafuta ngozi kwa rangi yake, na hina na ngozi rangi zao ni za ukoo mmoja, kwa hivo mashine yaihesabu hina kuwa ni doa la kusafishwa. Piko ilisalimika kwa weusi wake. Na mimi sikuona mapema kwa sababu laptopu yangu ilikuwa na skrini ya pikseli (vile vidoto vinavyojenga picha) 1366 kwa upana na picha yenyewe ni pikseli 6000, yaani nlikuwa naitazama picha imebanwa mara nne na zaidi, hapo utaona nini.

Tangu siku hiyo sinunui wala sipitishi plagini mpaka nimeprinti picha ikiwa haijaguswa. Siprinti yote, wino ni pesa. Naipanga picha kwa ukubwa itakayotoka, pikseli 300 kwa inchi, halafu nakata kipande kimoja cha A5 (nusu ya A4), pikseli 1748 kwa 2480, pale penye kazi nyingi: jicho na wanja, au kiganja, au ukosi wa nguo yenye shanga. Nakiacha kikauke, nakipeleka dirishani mchana, nakitazama kwa umbali ambao mwenyewe atakitazama. Kile kipande ndicho chanambia picha yaumwa nini, na dawa naitafuta kwa ugonjwa huo tu.

Mfano chenga, vile vidoto vidoto vinavyotokea picha ikipigwa gizani. Kumbi zetu taa zake mwazijua, rangi tatu na zote hafifu, naenda ISO 6400 bila kupenda, yaani nailazimisha kamera ione kwenye mwanga mdogo. Ukiifungua picha ile kwenye komputa kwa asilimia 100 chenga zatisha, mtu akimbilia kununua plagini ya kutoa chenga saa hiyo hiyo. Sasa iprinti inchi 4 kwa 6. Pikseli 6000 zimebanwa kuwa 1800, chenga zimemezwa, hakuna mtu atakayeziona. Albamu nzima ya picha ndogo ndogo haitaki plagini ya chenga hata kidogo. Kwenye 12 kwa 18 ndio hadithi yabadilika, kwa sababu hapo wataka pikseli 5400 na wewe unazo 6000, karibu moja kwa moja, na kwenye pazia jeusi nyuma ya bibi harusi chenga zatoka kama mchanga. Hiyo ndiyo picha ya kutibu, moja au mbili kwa harusi nzima.

Na kwa hizo moja mbili, kama wapiga RAW (picha ghafi ya kamera) na tayari walipia Lightroom (programu ya Adobe ya kuediti), jaribu kwanza ile Denoise yao iliyoingia Aprili 2023, hakuna haja ya kununua kitu. DxO PureRAW ni nzuri sana pia, nayo yataka RAW. Kama una JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) peke yake basi hapo ndio plagini kama Topaz, au Dfine ya ndani ya ile seti ya plagini ya Nik Collection, zina maana. Lakini zote usizisukume mpaka mwisho. Mimi naacha chenga kidogo, karatasi yazipenda, ngozi ikikosa chenga kabisa yatoka kama plastiki.

Kunoa picha, yaani kukaza mistari yake ionekane wazi, ndiko watu wengi wakosea. Kuna mwandishi mmoja marehemu, Bruce Fraser, ndiye aliyelieneza wazo la kunoa mara tatu: mara ya kwanza kidogo picha ikitoka kamera, ya pili sehemu unazotaka wewe kama macho, na ya tatu mwisho kabisa kwa ajili ya karatasi. Hii ya tatu hainolewi kwa macho ya skrini. Wino ukigusa karatasi watambaa kidogo, na karatasi isiyong'aa yanywa zaidi kuliko ya glosi, kwa hivo picha iliyonolewa sawasawa kwa karatasi kwenye skrini yaonekana kali kupita kiasi na moyo waku'ambia punguza. Usipunguze, printi kipande uone. Plagini ya kunoa ya Nik nimeipendea hapo, yakuuliza printa ya aina gani, karatasi gani, na mtazamaji atasimama umbali gani, kisha yapiga hesabu yenyewe. Lakini ukiprinti kutoka Lightroom moja kwa moja hiyo kazi imo ndani tayari, wachagua karatasi ya glosi au isiyong'aa na kiwango, bas.

La mwisho kwa leo na kwangu ndilo la kwanza kwa uzito. Kabla sijatazama plagini yafanya nini nauliza yafanyia wapi. Nyingi za siku hizi picha haishughulikiwi kwenye laptopu yako, yapakiwa kwa mitambo ya kampuni huko nje halafu yarudi. Ile Generative Fill ya Photoshop (yajaza sehemu ya picha kwa AI, yaani akili bandia) kwa mfano kazi yake yafanyika kwenye seva za Adobe, na baadhi ya zile Neural Filters ni hivo hivo. Mimi mama kaniamini na binti yake kichwa wazi, siwezi kuipeleka picha ile safari ambayo sikumwambia. Tena sio heshima peke yake, Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Kwa hivo jaribio langu ni rahisi: nazima WiFi na bando, nafungua plagini, naipa kazi. Ikifanya kazi mtandao ukiwa umezimwa, twaongea. Ikigoma, hata iwe nzuri vipi, kwenye kazi za harusi haiingii.

Ulizeni, nipo.

kisauni_kipya

Dada shukran sana kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Mimi naanza, nna Canon ya zamani kidogo na lenzi iliyokuja nayo, laptopu RAM 8GB haina kadi ya grafiki, natumia GIMP, ile programu ya bure ya kuediti picha. Napiga bathdei na graduesheni za madrasa. Nimekutana na jamaa mjini aniuzia flashi ina plagini zote alizonazo, Topaz, Nik, kila kitu, ati nizikopi kwa laptopu kwa bei ya chakula cha mchana. Nichukue? Na kwa laptopu hii ntaweza kweli hizo za AI?

bure_bora

Usiichukue hiyo flashi kijana. Nakwambia kama mtu anayetengeneza komputa za watu kila siku hapa Majengo, zile krak (programu za kulipia zilizovunjwa kufuli) ndio zaniletea wateja, mtu aja na laptopu imejaa virusi, picha za kazi zote zimefungwa, alia. Na hata bila virusi utatatizika: flashi kama hizo hujaa plagini kongwe, zile faili za .8bf (ndizo plagini za Photoshop) za 32-bit, mfumo wa zamani, na Photoshop za siku hizi ni 64-bit haziwezi kuzifungua. Na wewe hata Photoshop huna.

Una GIMP, na GIMP haijakupungukia kitu. Weka G'MIC, plagini ya bure halali, ina filta zaidi ya 500 ndani yake na za kutoa chenga zimo. Weka Resynthesizer ya kufuta vitu, ile waya ya stima iliyopita juu ya kichwa cha mtoto waizungushia na yapotea. Kwa RAW weka darktable au RawTherapee, zafunguka kutoka ndani ya GIMP yenyewe. Angalizo moja: GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025 na plagini nyingi zilizoandikwa kwa 2.10 hazifanyi kazi humo mpaka ziandikwe upya, kwa hivo kabla hujadownload tazama ni ya toleo gani. Ila faida ya 3.0 ni kubwa, filta sasa waweza kuirudia na kuibadilisha baadae bila kuharibu picha ya chini.

Na kitu wengi hawakijui, ile dereva (programu inayoongoza printa) ya bure ya Gutenprint inayotumika kwenye Linux kuprintia ilianza kama plagini ya kuprinti ya GIMP, ndio maana zamani ikiitwa Gimp-Print. Kwa hivo hivi vitu vya bure sio vya juzi.

Kuhusu Nik niongeze historia kwa sababu watu wachanganyikiwa kama ni ya bure au la. Google waliinunua kampuni ya Nik 2012, wakaishusha bei seti nzima mpaka dola 149, Machi 2016 wakaitoa bure kabisa, halafu Oktoba 2017 wakaiuza kwa DxO na tangu 2018 yalipiwa tena. Ile ya bure ya enzi za Google haitengenezwi tena, kwa komputa mpya yaweza kugoma muda wowote. Sipingani na mleta uzi, ila kwa mtu anayeanza mimi sioni sababu ya kulipia chochote mwaka wa kwanza.

hina_na_lenzi

Bure_bora shukran, hilo la krak umenisaidia. Kijana, juu ya virusi fikiria pia kazi ya mtu: wewe hutaki mteja achukue picha yako na alama yako juu yake aiprinti bila kulipa, basi na aliyeandika plagini ni hivo hivo.

Naafikiana nawe kuhusu bure, tofauti yangu ndogo ni kwenye G'MIC. Filta 500 ni bahari. Mtu anayeanza aingia humo saa mbili za usiku atoka saa saba, picha moja haijaisha na macho yameshazoea ubaya. Mimi ningemwambia achague mbili, ya chenga na ya kunoa, nyingine asizifungue kwa miezi mitatu.

Kwa laptopu ya 8GB bila kadi ya grafiki, hizo za AI zafanya kazi lakini kwa mateso, picha moja waiwekea wapika chai wainywa waosha kikombe. Ukiwa na picha mbili za kukuza si neno, ukiwa na 300 za graduesheni usithubutu. Na graduesheni watu wataka 4 kwa 6 na 5 kwa 7, si nshasema chenga hapo hazionekani. Piga RAW, weka mwanga sawa, printi.

mzee_wa_giza

Nimefurahi kuona binti huyu anaprinti kipande kabla ya kuprinti yote. Sisi tuliosafisha picha kwenye chumba cha giza hiyo ndiyo ilikuwa sala ya asubuhi. Wakata ukanda wa karatasi, waupiga mwanga sekunde tano, kumi, kumi na tano, wautia kwenye dawa, watazama ukanda upi umekaa. Hakuna aliyethubutu kutia karatasi nzima majini bila ukanda. Leo watu waprinti A3 nzima ndipo waanze kuuliza kwa nini imetoka nyeusi.

Mimi nna neno juu ya plagini za kukuza picha, hizi za AI. Mwanangu mmoja aliniletea picha ya babu yake imepigwa mlangoni kwake Mji wa Kale, picha ndogo ya pasipoti kuukuu iliyoskaniwa, ameikuza kwa mashine hizo iwe ya fremu. Mlango ule naujua, nimekua nikipita mbele yake kila siku kwenda chuoni. Nakshi za kizingiti zilizotoka kwenye picha ile sizo za mlango ule. Mashine haikuziona nakshi kwenye picha ndogo, ikajitilia zake. Na uso wa marehemu pia, macho yalikuwa makali mazuri lakini si macho yake. Nlimwambia bora uiprinti ndogo uizungushie mauntibodi pana, ile kadibodi ya pembezoni, kuliko kutundika ukutani mtu mwengine.

Kwa picha nyeusi na nyeupe Silver Efex ya ndani ya Nik naikubali, nimeitumia kwa mitaa ya Ndia Kuu, yanipa kugusa kivuli kimoja peke yake kama tulivokuwa twaziba mwanga kwa mkono chini ya taa. Ila jihadharini na printa za wino wa rangi, nyeusi na nyeupe yaweza kutoka na kijani au zambarau kwenye kijivu. Hilo plagini hailitibu.

hina_na_lenzi

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mlango ndilo nlilotaka kuliandika nikakosa mfano, kwangu laja kwenye hina. Ukinoa hina kwa AI yakutengenezea majani ambayo fundi hakuyachora, na fundi wa hina aijua kazi yake jani kwa jani, ataitazama albamu atakwambia hii si yangu.

Kwa hivo nikitaka kukuza nafanya hesabu kwanza kama yafaa kukuza. Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000, ukiprinti inchi 20 kwa 30 wapata pikseli 200 kwa kila inchi. Ukutani, mtu kasimama hatua mbili nyuma ya kochi, 200 zatosha kabisa na plagini yoyote ya kukuza umeiokoa pesa yake. Ikiwa picha imekatwa sana, natumia Super Resolution ya Adobe, iko tangu Machi 2021, yazidisha urefu na upana mara mbili mbili na kwa macho yangu yabuni kidogo kuliko nyingine. Na bado nakata kipande naprinti natazama.

studio_mwembetayari

Wadau mimi niko upande wa pili wa kaunta, naprintia watu. Nasema ukweli, picha kumi zikija kwangu zimeharibika, nyingi hazikuharibiwa na plagini wala ukosefu wa plagini. Zimeharibiwa njiani au kwenye rangi.

Njiani ni WhatsApp. Mtu kapiga na kamera ya maana, kaediti usiku kucha, kanitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida (sio HD), yanifikia na pikseli 1600 hivi upande mrefu. Hiyo kwa 300 ni inchi tano na kitu. Ataka A3. Nduguyangu tuma kama dokumenti, au kuja na flashi.

Rangi sasa. Kesi ya kila wiki ni mtu aliyenunua Epson ya mitungi, zile L805 au L8050 zenye wino sita, aniambia "printa yangu yatoa watu wekundu, ninunue plagini gani ya kurekebisha". Hakuna plagini. Picha yarekebishwa rangi mara mbili. Photoshop yaibadilisha kwa profaili ya karatasi (faili inayoeleza karatasi na wino hutoa rangi vipi), halafu dereva ya printa nayo yaibadilisha tena kwa akili zake. Chagua mmoja. Kama Photoshop ndiyo yasimamia rangi basi nenda kwenye dereva, sehemu ya rangi, uzime marekebisho yote. Kama hujui profaili ni nini basi fanya kinyume, iachie printa na uchague aina ya karatasi sawasawa. Wekundu utaisha siku hiyo hiyo, nimewarekebishia wengi kwa simu tu.

Profaili ni ya karatasi fulani na wino fulani. Ukinunua pakiti ya glosi isiyo na jina na wino wa kujazia wa chupa yoyote, ile profaili ya Epson uliyonayo yakudanganya. Tafuta karatasi moja ya kampuni inayotoa profaili kwenye tovuti yake, uishikilie hiyo hiyo, usihamehame kila pakiti. Kwa skrini, kuna kifaa cha kupimia rangi, ukipata cha kuazima, programu ya kukiendesha, DisplayCAL, ni ya bure. Na punguza mwangaza wa skrini jamani! Kila anayelalamika picha zatoka giza nikienda kwake nakuta skrini iko asilimia 100 chumba giza.

Leso ndio mtihani. Bibi kavaa leso ya Biashara Street, ule wekundu na machungwa ya kuwaka, kwenye skrini yawaka kweli, kwenye karatasi yatoka tofali. Wino hauwezi kuufikia ule wekundu, umetoka nje ya uwezo wake. Kabla ya kuprinti washa ile soft proof, Photoshop iko, Lightroom iko, GIMP iko, uone leso itakavotulia, halafu punguza ukolezi wa ule wekundu peke yake kidogo mpaka mikunjo ya kitambaa irudi. Bora leso iliyotulia yenye mikunjo kuliko bapa jekundu. Mkileta kwenye maabara ya mashine kubwa za karatasi ya dawa, leteni picha kwa mfumo wa rangi wa sRGB, usilete Adobe RGB utapata watu wamepauka.

Kwa upande wa plagini na programu za kuprinti: ukiprinti picha moja moja huhitaji. Ukiprinti nyingi kwa karatasi kubwa, Qimage ya Windows yazipanga zenyewe zibanane, yapunguza karatasi inayotupwa, kwangu ilirudisha pesa yake. Wenye Epson kubwa za kitaalamu tazameni Epson Print Layout, wenye Canon PRO tazameni Professional Print & Layout, zote ni za bure na zaingia kama plagini ndani ya Photoshop.

Na tusisahau tuko Mombasa. Hewa yetu ina maji na chumvi. Wino wa dye (ule wa rangi iliyoyeyushwa) ukiuweka kwenye fremu mbichi, rangi zatembea, utaona wekundu umevuka mpaka wa uso. Mimi naacha masaa 24 kabla ya kioo. Karatasi ikifunguliwa naifunga kwenye mfuko na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Na printa isilale wiki nzima bila kuprinti, pua zaziba.

kisauni_kipya

Flashi sikuichukua. Nimeweka G'MIC, nikachagua mbili tu kama alivosema dada. Leo nimekata kipande cha A5 cha picha ya mtoto na kofia yake ya tarizi, nikaenda Mwembe Tayari nikakiprinti. Chenga sikuziona hata nilivozitafuta. Lakini ile tarizi ya kofia imetoka imefifia, kwenye skrini ilikuwa kali. Ni lenzi au ni kunoa?

hina_na_lenzi

Printi kipande hicho hicho mara nyingine, karatasi hiyo hiyo, ila safari hii nusu ya kushoto uinoe mpaka kwenye skrini ikuchukize, nusu ya kulia uiache. Ikiwa ya kushoto imerudisha nyuzi za tarizi basi ni kunoa kwa karatasi, lenzi haina kosa. Ikiwa nusu zote zimefifia, na ya kushoto imeongeza ukungu mweupe tu kandokando ya nyuzi, picha haikushika fokasi na hakuna plagini ya kuirudisha.

kisauni_kipya

Nusu ya kushoto yaonekana mpaka mashimo ya sindano. Babake mtoto alikuwa kando yangu pale studio, kaichukua nusu ile kaiweka ndani ya kava ya kitambulisho chake, ati hiyo hiyo yamtosha. Ntamprintia nzima kesho inshallah, inchi 8 kwa 12, haidhuru.

hina_na_lenzi

Mashallah. Mwambie aitoe kwenye kitambulisho kwanza ikauke masaa 24, itagandana na plastiki.